Namba Iliyokosa Kona

Fundi Asajile alikuwa amebakiza tarakimu mia mbili na kitu kumaliza ukuta wa Ukumbi wa mji alipouliza swali ambalo kwa miaka saba hakuna msomi hata mmoja wa Mvukeni aliyewahi kuliuliza.

"Dada Tusekile," alisema bila kushuka kwenye jukwaa lake la mbao, "hii Namba yenu, ingekuwa ni idadi ya vigae, ingetosha sakafu ya mraba?"

Tusekile alikuwa amekaa kwenye ngazi za Ukumbi akila ndizi za kuchemsha na kipande cha parachichi. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Sakafu gani hiyo, fundi? Vigae hivyo havienei duniani."

"Vienee visienee. Fundi ukipewa idadi, cha kwanza unajiuliza upande mmoja utakaa vigae vingapi. Nimepachika tarakimu mia nne za namba hii na sijajua hata kama ina umbo."

Namba yenyewe ilikuwa na tarakimu mia sita na kumi na saba. Kila mtoto wa Mvukeni aliijua mistari miwili ya mwanzo kwa kichwa, na sasa mji ulitaka kuiona yote ukutani, kigae kimoja kwa kila tarakimu, izinduliwe Jumamosi. Siyo kwamba watu wa Mvukeni walipenda hesabu kuliko wengine. Waliipenda Namba kwa sababu ilikuwa imewafungia siri yao.

Miaka minane nyuma Kisima cha Nne cha mvuke wa ardhini kilipasuka, mvuke ukaua watu themanini na wanane. Waliojua nani aliamuru valvu ifungwe walikuwa bado wanakula mshahara wa Kampuni ya Mvuke, wanalala katika nyumba zake na kutibiwa hospitalini kwake. Nani angefungua mdomo? Ndipo likatolewa wazo la Sanduku. Kila mwenye neno aliandike mwenyewe nyuma ya pazia, na maneno yote yafungwe kwa miaka thelathini, hata serikali isiweze kuyafungua kabla ya wakati. Kufikia hapo wakubwa watakuwa wamestaafu, mashahidi watakuwa wazee, na ukweli utatoka bila kumnyima mtu mkate.

Ufunguo wa Sanduku ulikuwa mwishoni mwa hesabu moja ndefu. Unachukua namba ya kuanzia, unaizidisha kwa yenyewe, unagawanya kwa Namba, jibu unatupa, unabaki na baki. Baki hilo nalo unalizidisha kwa lenyewe, unagawanya tena, na kuendelea hivyo matrilioni ya mara. Ukinunua mashine elfu moja hazitasaidiana, maana kila hatua inasubiri iliyotangulia. Ndani ya Ukumbi mashine moja, ambayo mji uliibatiza jina la Kinu, ilikuwa ikisaga hesabu hiyo bila kupumzika, na ilibakiza miaka ishirini na mitatu. Tusekile ndiye aliyekuwa Mtunza Baki. Kila siku saa sita mchana alichukua hatua moja, akaihakiki kwa mkono kwa kutoa tisa, yaani kujumlisha tarakimu na kutupa kila tisa, kisha akaandika kwa chaki mlangoni tarakimu kumi na mbili za mwisho za baki la siku hiyo. Watu walipita, wakasoma, wakaenda zao wakiwa wametulia.

Njia ya mkato ilikuwepo moja tu. Namba ilizaliwa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa, na mwenye kuzijua hizo mbili angefungua Sanduku kabla chai yake haijapoa. Ndiyo maana siku ya kuitunga Namba, Mwalimu Mwaikenda, aliyepewa kazi hiyo, aliingia chumba cha Namba akiwa amejifunga shuka moja tu, akatoka akapekuliwa mpaka kwenye meno, na mashine aliyoitumia ikapondwa kwa nyundo mbele ya mji mzima. Tarakimu mia tatu na tisa haziwezi kutoka chumbani kwa kichwa cha mtu. Mji ulipiga vigelegele.

Tusekile aliaminiwa kuikagua Namba na kusimamia mashine ya kufungia maneno. Mwalimu ndiye aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza wa chuo, na Mwalimu ndiye aliyemwandikia orodha ya majaribio kumi na moja. Aliyafanya yote kumi na moja, Namba ikafaulu, akatia sahihi. Kisha akaenda kumbembeleza kaka yake, Gwakisa, aliyekuwa zamu ya valvu siku ile, akaandike alichokisikia. Gwakisa aliandika. Miaka mitatu baadaye Kampuni ilimwondoa kazini kwa barua ya mistari minne na kumtupa kituo cha pampu huko bondeni, peke yake na mbu. Alimpigia dada yake simu mara moja tu.

"Nilimwambia mtu mmoja na sanduku moja," alisema. "Sanduku halina mdomo."

Tangu hapo, miaka minne sasa, hakuwa amemwandikia hata salamu ya Krismasi.

"Haya, fundi," Tusekile alisema, akijifuta vidole. "Ngoja nikutafutie upande wako."

Alitoa kishikwambi, akaingiza Namba, akaomba kipeuo cha pili. Tarakimu mia tatu na tisa zikajipanga, ikafuata nukta, kisha tisa. Tisa, tisa, tisa. Alidhani kishikwambi kimechoka, akaongeza nafasi. Tisa ziliendelea. Akaongeza tena mpaka nafasi mia nne, na tisa zikapita mia tatu ndipo ikatokea tarakimu nyingine.

Mtu asiyejua angeona ni urembo tu. Tusekile alichukua namba kamili iliyofuata, ile ambayo kipeuo kilikuwa kinaigusa bila kuifikia, akaizidisha kwa yenyewe na kutoa Namba. Ilibaki milioni moja, laki tatu, elfu sitini na nane na mia tisa. Akatafuta kipeuo cha hiyo, huku akijua kabisa atakachokiona. Elfu moja mia moja na sabini, kavu, bila nukta.

"Vipi, inakaa?" Asajile aliuliza.

"Inakosa kona."

"Kona ya mraba?"

"Ya mraba. Vigae elfu moja mia moja na sabini kila upande."

"Aa, hiyo si shida hata kidogo." Fundi alishuka, amefurahi kwamba leo naye ana la kumfundisha msomi. Alipanga sakafuni vigae vya ziada, kumi kwa kumi, akang'oa kona ya tatu kwa tatu. "Umebaki na tisini na moja. Sasa hivi vya juu, safu tatu za saba saba, nazitoa, nazisimamisha hapa pembeni. Unaona? Saba kwa kumi na tatu. Mstatili safi, sijakata hata kimoja. Kumi punguza tatu upande huu, kumi ongeza tatu upande ule. Mraba wowote uliokosa kona ya mraba unageuka hivyo."

Tusekile aliutazama ule mstatili. Hilo lilikuwa jaribio la kumi na mbili. Alilijua, alifundishwa chuoni na mtu yule yule: ukizidisha namba tasa mbili zinazokaribiana mno, anayetafuta hahitaji hata kubisha hodi. Lilikosekana kwenye orodha, na yeye hakushtuka, kwa sababu aliyeiandika alikuwa Mwalimu. Nani anamkagua Mwalimu wake?

Mwalimu hakuwa amebeba kitu chumbani. Alikuwa ameuacha ufunguo ndani ya Namba yenyewe, na mji ulikuwa unaupachika ukutani.

"Dada, umekuwa kijivu. Kuna ubaya?"

Angeweza kumdanganya. Lakini fundi alikuwa ameshika kigae mkononi na jibu lilikuwa miguuni pake.

"Pande mbili za mstatili huo," alisema, "ndizo siri ya Sanduku."

Asajile aliketi polepole kwenye ndoo ya saruji.

"Mimi nimo humo," fundi alisema. "Niliandika kurasa mbili. Nilitaja majina. Mke wangu anapika kantini ya Kampuni, dada, na mwanetu wa pili anaishi kwa dawa za hospitali yao. Usimwambie mtu. Nakuomba kama ndugu yako, usimwambie mtu namna hii inavyofunguka."

* * *

Nyumba ya Mwalimu Mwaikenda ilikuwa mlimani, mahali ambapo mabomba ya Kampuni yalileta maji ya moto hadi bafuni. Tusekile alikuwa amezoea kuiita nyumba yake ya pili. Siku ile aliiona kwa mara ya kwanza kuwa ni nyumba ya gharama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Chai ya maziwa ipo."

Hakukaa. Aliweka mezani kipande cha karatasi chenye namba moja: 1170.

Mwalimu alivaa miwani, akaisoma, akaivua. Aliendelea kumimina chai kwenye kikombe cha pili, akakisogeza upande wa mgeni.

"Nilijua siku moja utaiona," alisema. "Nilidhani utaiona mapema zaidi."

Katika yote aliyokuja kuyasikia mchana ule, hilo ndilo lililomuuma kwanza, na alijionea aibu kwamba lilimuuma kama mwanafunzi aliyefeli.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kwa sababu bila hivyo pasingekuwa na Sanduku. Kampuni ilinipa siku mbili. Ama kuwe na njia ya kuingia, ama wafukuze kila atakayekaribia pazia. Nikachagua. Nikajiambia nitaiweka njia, lakini sitawaonyesha. Na mpaka leo sijawaonyesha."

"Ila ulifungua."

"Mara moja. Walitaka jina moja tu, la aliyesikia amri ya valvu. Jina moja kati ya mia nne na kumi na mawili, Tusekile. Niliwafichia mia nne na kumi na moja."

"Jina hilo ni la kaka yangu."

"Ndiyo."

"Ulilijua."

"Nililijua."

Tusekile alikumbuka alivyokuja nyumba hii miaka minne iliyopita, baada ya ile simu, akalia kwenye kiti hiki hiki mpaka macho yakavimba. Mzee alimletea taulo lenye maji ya uvuguvugu. Alimwambia, mpe muda, damu ni damu, atajirudi. Alimsindikiza hadi getini amemshika bega. Wakati huo barua ya mistari minne ilikuwa haijatimiza wiki.

"Ulinifuta machozi," alisema.

"Nilikuhurumia kweli, mwanangu. Sikuigiza."

"Nitasema. Jumamosi mji wote utakuwepo. Nitakutaja kwa jina la baba yako."

Mwalimu alitikisa kichwa polepole, vile vile alivyokuwa akifanya darasani mtu akikosea hatua.

"Ukinitaja watakudai ushahidi. Ushahidi ni Namba. Ukiwaonyesha, kila mwenye kishikwambi atakuwa ameusoma ushuhuda wa mji mzima kabla hujashuka jukwaani, na Kampuni itakuwa ya kwanza. Na ukisema tu kwamba Namba ni mbovu, bila kuonyesha, watatafuta ubovu wenyewe. Fundi wako wa vigae angeuona." Hakujua alichokuwa anakisema. "Jumatatu wanakuja tena. Safari hii wanataka majina matatu. Mimi ni mzee, nyumba hii si yangu, na dawa za mke wangu, mama yako mkubwa, pale chumbani nazo si zangu. Usinilazimishe kukueleza yaliyobaki."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mzee alikuwa amejificha nyuma ya wale wale aliowauza, na yeyote ambaye angemrushia jiwe angewapiga wao kwanza.

Tusekile aliiacha chai mezani. Mlangoni alikaribia kumwambia kwaheri, kwa mazoea tu, akajizuia.

* * *

Ijumaa alikipigia simu kituo cha pampu cha bondeni. Simu zote za kule zilipita kwenye mitambo ya Kampuni, na kila mtu alijua kuna anayesikiliza.

"Kaka, shikamoo. Ni mimi."

Upande wa pili palikuwa na mngurumo wa pampu tu. Gwakisa alisema, "Marahaba. Sema."

"Si mimi niliyekutaja."

"Ni nani basi?"

Jibu alikuwa nalo. Ushahidi wake ulikuwa tarakimu nne tu, 1170. Aliliuma kwa meno akafikiria anayesikiliza katikati, akafikiria mtoto wa pili wa Asajile na dawa zake.

"Siwezi kusema kwenye simu."

"Miaka minne, Tusekile. Ungekuwa na la kusema ungeshakuja." Hakukuwa na ukali katika sauti yake, ilikuwa imechoka. "Ukilipata jibu, nipigie."

Alikaa na simu iliyokatika sikioni. Alikuwa na haki ya jibu hilo, na alilitaka kwa tamaa kama ya mtu mwenye njaa. Angeweza kupanda basi kesho, akamchorea kaka yake ule mraba mchangani, akamrudisha nduguye. Lakini Jumatatu majina matatu yangetoka, kisha matatu mengine, na kila familia ingemshuku mwenzake kama kaka yake alivyomshuku yeye. Ilikuwa lazima mashahidi waambiwe kwamba Sanduku limevuja, tena waambiwe wote kwa siku moja, ili Kampuni isiweze tena kumwondoa mtu kimyakimya na kuiita ni hamisho la kawaida.

Na mtu ukimwambia Sanduku limevuja, atauliza limevuja wapi. Pa kuvujia palikuwa pawili: Namba, au aliyesimamia kufunga. Alilizungusha swali hilo tangu jioni mpaka kulipokucha na halikuzaa jibu la tatu.

* * *

Jumamosi uwanja wa Ukumbi ulijaa hadi barabarani. Redio ya mji iliweka vipaza sauti, na matangazo yalirushwa kwenye vituo vyote vya pampu, hadi bondeni. Ukuta ulifunikwa shuka la bluu. Mwalimu Mwaikenda alikaa kiti cha mbele, mgeni rasmi, amevaa koti lake la sherehe. Fundi Asajile alisimama pembeni na mkewe, kucha bado zina saruji.

Saa sita Tusekile alipanda jukwaani kusoma baki la siku kama ilivyo desturi. Aliikunja karatasi yenye baki akaitia mfukoni.

"Ndugu zangu," alisema, "Sanduku limevuja. Kampuni imeshapata jina moja kutoka humo, na Jumatatu itataka mengine. Mlioandika nyuma ya pazia, jiangalieni. Na ninyi wengine, kuanzia leo akiguswa mtu yeyote kazini au nyumbani kwake, mjue ni kwa nini, na msikubali aguswe peke yake."

Sauti zikapanda zote kwa pamoja, na kati yake moja ikasikika vizuri, ya mama mmoja mtu mzima aliyempoteza mumewe Kisima cha Nne.

"Limevujaje? Namba imekufa?"

Tusekile alimwona Mwalimu akiwa amekaza macho kwake. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, mzee alikuwa ameogopa. Ilikuwa rahisi sana. Angenyoosha kidole tu. Moyo wake wote ulimsukuma anyooshe, na mkono ulikuwa tayari umeshaanza kuinuka.

"Namba ni nzima," alisema. "Ni mimi. Mashine ya kufungia niliisimamia mimi. Nilibaki na nakala ya maneno yenu, na nikauza jina. Nakala nimeshaichoma, lakini aliyeisoma ameisoma."

Yule mama mtu mzima alimtazama kwa muda mrefu, akavuta kitenge chake mabegani akageuka kuondoka, na watu wakampisha. Mke wa Asajile alitema mate chini. Asajile mwenyewe alifungua mdomo, akamtazama Tusekile, naye Tusekile akamtikisia kichwa kidogo sana. Fundi akaufunga mdomo na kuangalia viatu vyake.

Mwalimu alisimama. Labda alitaka kusema kitu, labda alitaka tu kutoka. Waliokuwa karibu naye walimshika mkono kumpa pole, mzee wa watu, kwa kulea mwanafunzi wa namna ile, na yeye akazipokea pole zao moja baada ya nyingine.

Askari wawili walikuja kwa hatua za taratibu, kana kwamba na wao hawakuamini. Walikuwa bado hawajafika ngazini simu ilipotetema mfukoni mwa Tusekile. Aliitoa. Ilikuwa ni kutoka bondeni, ujumbe wa kwanza kwa miaka minne.

"Nilijua. Asante kwa kusema ukweli."

Aliusoma mara mbili. Akaandika, "Nisamehe, kaka," akatuma, kisha akawapa askari mikono yake.